Tandiko Alilolikataa Dada

Dada yangu alianza kuwapandisha watu mlimani kwa farasi wakati mimi bado nasukwa nywele na mama. Amevuka mito iliyofurika, ameburutwa na farasi aliyeshtuliwa na nyuki, amenyeshewa mpaka buti zikaoza, na mara zote alirudi nyumbani akiulizia chakula. Kilichomvunja nyonga ni kipande cha sabuni bafuni. Sisi wenyewe tulicheka kwanza, mpaka tulipoona hawezi kuinuka.

Akapasuliwa, akatiwa chuma, akajifunza kutembea upya huku ameshika meza na ukuta. Daktari akamwambia mfupa umeunga vizuri, farasi apande akitaka, ila ausikilize mwili. Mwili ulikuwa na mengi ya kusema. Kila alipopanda, hata kwa mwendo wa kutoka bandani mpaka kijitoni tu, maumivu yalianzia kiunoni yakateremka pajani, kisha mguu ukafa ganzi. Tulimshusha kama gunia la viazi, na yeye hupenda kushushwa kama paka apendavyo kuogeshwa.

Mwenye mabanda ya farasi, tajiri wake Dada, si mtu mbaya, ingawa siku aliyokuja nyumbani nilitamani kumtupia ndoo. Aliketi kwenye ncha ya kochi, akazungusha kofia mikononi.

"Nimefikiria sana," akasema. "Nitakuweka ofisini. Utapokea simu, utapanga ratiba ya wageni. Kazi ya kukaa."

"Nikae wapi?" Dada akauliza.

"Kwenye kiti. Kiti kizuri, kina magurudumu."

"Mimi nina pa kukaa, kaka. Pana miguu minne na mkia."

Wakavutana hapo mpaka chai ikapoa. Mwisho Dada akamwekea sharti mezani: kabla msimu wa wageni haujafunguliwa, atamwongoza yeye mwenyewe mpaka maporomokoni, njia ile ya kutwa nzima, na kumrudisha. Akishindwa, atapokea simu mpaka azeeke. Yule bwana akakubali, ila naye akatia sharti lake. Lazima awepo mgeni asiyejua farasi kabisa, kwa sababu kazi ya mwongozaji ni kuwatunza watu, wala si kujipandisha mwenyewe. Wote wakanigeukia mimi. Mimi naogopa farasi hata aliyechorwa kwenye kalenda.

Yule bwana alipoondoka Dada hakulalamika. Alikunja mikono, akatazama dirishani, akasema, "Nyonga haina kosa. Kosa lipo kwenye tandiko." Tandiko lake la zamani lilikuwa pana katikati, likimpanua mapaja kama mtu anayepanda pipa. Nyonga ya zamani ililivumilia. Hii mpya, yenye chuma, ilikuwa haitaki mchezo.

Hapo ndipo Shemeji, mume wake, alipoingia ulingoni. Shemeji ni fundi wa makochi. Nusu ya sebule za mtaani kwetu zimekalia kazi ya mikono yake, na katika maisha yake hajawahi kukutana na tatizo ambalo sponji haliwezi kulitatua. Kitanda kikilia, sponji. Mlango ukigonga ukutani, sponji. Akalichukua lile tandiko karakanani, akalijaza, akalivika kitambaa kinene cha rangi ya zabibu, na kwa sababu mkono haukuweza kujizuia, akalitia vifungo juu kama vya kochi la wakubwa. Akaliweka juu ya mkono wa kochi letu, Dada akalikalia huku anatazama taarifa ya habari.

"Mume wangu," akasema, amefumba macho, "mbona hukunioa mapema zaidi?"

Shemeji akavimba kichwa siku nzima. Kesho yake Dada akampanda Bibiye, farasi jike wake wa miaka yote, mwenye mgongo mpana na subira ya mkunga. Hawakufika mbali. Sponji lilimwinua juu, likamsukuma mapaja nje zaidi kuliko mwanzo, na alipotaka kujua farasi anakanyaga vipi hakusikia kitu. Ilikuwa kama kuongea na mtu kupitia blanketi. Alirudi anatembea kwa miguu, ameshika hatamu, amebana midomo. Shemeji akapendekeza aongeze sponji.

"Ukiongeza hata la kujaza kikombe," Dada akamwambia, "utalala juu ya hilo tandiko, uani."

Mimi nilidhani mambo yameishia hapo, na nikamwambia hivyo. Nikamwambia ofisi ina feni, mvua haiingii, na watu wa umri wake wanatafuta kazi kama hiyo kwa tochi. Alinitazama kwa namna ambayo nilijikuta nimeanza kufua nguo zisizo chafu.

Tukaenda mjini, kwenye duka la mwanamke mmoja ambaye wapanda farasi humwita Mama Ngozi. Chumba ni kirefu, kinanuka mafuta ya ngozi na nta, matandiko yamepangwa ukutani mpaka darini, na katikati amesimama farasi wa mbao asiye na kichwa. Wateja waliokuwepo walikuwa wakiyabonyeza matandiko kwa kidole gumba, kama wanaonunua mkate. Dada alishaponzwa na ulaini. Akaomba moja liwekwe juu ya yule farasi wa mbao, akalipanda, akakaa.

Akakaa na kukaa. Mama Ngozi akahudumia watu, akala, akapiga simu kwa binti yake, akamaliza. Dada bado yuko juu ya ubao.

"Dada yangu, hilo limekupendeza?" Mama Ngozi akauliza.

"Sijui bado. Tandiko zuri ni lile linaloanza kukera kwa kuchelewa. Nasubiri likere."

Likakera. Akaomba jingine, nalo likakera. La tatu lilikuwa jembamba pale mapaja yanapopita na pana nyuma pa kukalia, na kwa hilo alikaa mpaka mimi ndiye niliyeanza kuumwa mgongo, nimekaa kwenye stuli. Aliposhuka, mguu ulikuwa hai. Akaupiga chini mara kadhaa, haamini. Mama Ngozi akatuazima ili tukalijaribu kwa farasi mwenyewe, kwa sharti lisirudi na mikwaruzo.

Kesho yake Dada alipanda nusu ya mlima na kushuka, akarudi anaimba, na Dada akiimba majirani hufunga madirisha. Mwenye mabanda alikuwa uani, akamwona anashuka mwenyewe, akapiga makofi. "Basi twende kesho!" akasema. Nilimkumbatia dada yangu. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba kesho hiyo na mimi nitapanda.

Kisha Dada akafungua mkanda wa tumboni mwa Bibiye, akalivua tandiko. Mgongo wote wa Bibiye ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa sehemu mbili nyuma ya mabega, moja kila upande, kavu kabisa. Wimbo ukakatika. Dada akabonyeza pale pakavu kwa vidole viwili, polepole, na Bibiye, aliyezoea kuguswa na wageni wa kila aina, akashtuka na kuinamisha mgongo.

"Kiunzi cha tandiko kinambana," Dada akasema. "Palipobanwa jasho halipiti."

Tulikuwa tumechagua tandiko siku nzima juu ya farasi wa mbao, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba chini yake atakuwepo mwenye nyama.

Mwenye mabanda akainama, akatazama. "Hakuna jeraha," akasema. "Ni safari moja tu. Ukishafaulu, utatafuta jingine taratibu."

Hata mimi nilimsihi. Kila kitu kilikuwa mkononi. Kulala tu, kuamka, kupanda, kazi yake imerudi. Dada aliegemea mlango wa banda. Alijua vizuri anachokitupa.

"Mimi likinibana napiga kelele, nyumba nzima inasikia," akasema. "Bibiye atamwambia nani?"

"Basi tutaahirisha," mwenye mabanda akasema, "lakini wageni wa kwanza wanakuja Jumamosi. Ukifika siku hiyo bila kupanda, tumekubaliana."

Tandiko likarudi kwa Mama Ngozi kabla duka halijafungwa. Safari hii Dada alitangulia kupita karakanani kwa Shemeji, akamwambia, "Njoo nipimie mgongo wa mtu." Shemeji, ambaye alikuwa bado amenuna kwa ajili ya sponji lake, akachukua waya laini, ule anaonakilia mikunjo ya makochi ya watu, akaulaza juu ya mabega ya Bibiye, akaukandamiza ufuate mwili, akauchora kwenye kadibodi na kuikata. Tukaingia dukani na mgongo wa farasi kwenye mfuko.

Kadibodi ile iliyakataa matandiko mazuri yote. Ilikubali mawili. La kwanza lilikuwa pana kama lile la zamani, na Dada hakulipanda hata kidogo. La pili lilikuwa baya. Ngozi imebadilika rangi kama ya chai iliyomwagika, ukingo mmoja umeshonwa upya kwa uzi usiofanana, na kiti chake ni kigumu. Lakini chini lilikuwa pana kwa farasi, na juu jembamba kwa mapaja. Dada alilikalia kwa muda mrefu, akaomba vikuku vya kukanyagia vishushwe kidogo ili goti lisikunjike sana, akakaa tena.

"Linakera?" nikauliza.

"Linakera. Ila nalivumilia."

Kila siku iliyobaki alikwenda mbali kidogo kuliko jana, na kila alipovua tandiko jasho la Bibiye lilikuwa limeenea sawasawa. Kupanda mlima hakukumsumbua. Kuteremka ndiko kulikokuwa kukimuua.

Siku ya safari alinikalisha juu ya farasi mzee, akanirekebishia vikuku, akaniuliza panapobana, akanirekebishia tena. Mwenye mabanda alikuwa nyuma yetu, anatazama kila kitu. Tulipanda msituni mpaka maporomokoni, na Dada alikuwa anageuka kila mara kunitazama kama bado nipo. Nilikuwepo, nimeshika shingo ya farasi kwa mikono yote miwili.

Wakati wa kurudi, kwenye teremko la kwanza la mawe, alisimamisha Bibiye, akashuka, akashika hatamu.

"Tulisema kupanda," mwenye mabanda akasema. "Hatukusema kutembea."

"Tulisema nikupeleke na nikurudishe. Hapa mwongozaji anashuka, na mgeni wake anashuka, na farasi wanapumzisha mgongo. Ndivyo itakavyokuwa kila safari yangu. Shuka, kaka."

Mgeni, yaani mimi, alikuwa ameshashuka. Mwenye mabanda akakaa juu kidogo, anapima. Kisha akateremka, akashika kiuno, akaguna kwa sauti ambayo nadhani hakukusudia tuisikie. Tukatembea. Chini ya teremko Dada akapanda tena mwenyewe, akitumia jiwe, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Tulifika uani jua bado lipo. Dada akavusha mguu, akatua, magoti yakakunjika kidogo, yakanyooka. Alikuwa amesimama. Mwenye mabanda alimtazama, akasafisha koo.

"Wale wageni wa Jumamosi," akasema, "hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda farasi."

"Waambie waje mapema," Dada akasema. "Kila mmoja nitamtafutia tandiko lake, na kila farasi nitamtazama mgongo kabla."

Mwenye mabanda akaitikia kwa kichwa, akaenda zake ofisini akichechemea.

Dada alisubiri mpaka mlango umefungwa. Kisha akaweka paji la uso kwenye shingo ya Bibiye, mabega yakaanza kumtetemeka. Tangu alipoanguka bafuni sikuwahi kumwona analia, hata siku ya kupasuliwa.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Naumwa," akasema. "Niache kidogo. Mdogo wangu, mimi nilidhani ule mlima sitauona tena."

Nikashika hatamu, nikiogopa vile vile, nikampeleka farasi wake kunywa maji.