Silinda ya Nne

Kabla hajanunua kishikwambi, alikuwa fundi magari wa kawaida tu, si mbaya, si wa kusifiwa. Alikuwa na kucha nyeusi, ovaroli aliyoshonewa na shangazi yake, na adabu ya kumsikiliza mteja mpaka mwisho. Halafu akaenda mafunzo ya siku tano, akarudi na cheti, na hiyo kompyuta bapa ya kushika mkononi, na koti jeupe ambalo sijui nani alimwambia avae. Gereji nzima ikaanza kumwita Profesa. Walikuwa wanamcheka. Yeye alidhani wanamheshimu, na ndivyo alivyokuwa, mtu wa kudhani.

Kazi yake mpya ilikuwa hivi. Anachomeka kidude kidogo kwenye tundu lililo chini ya usukani, kidude kinaongea na kishikwambi bila waya, na kishikwambi kinaorodhesha hitilafu zote ambazo kompyuta ya gari imezitunza. Ni kifaa kizuri, tusikionee. Mwenye akili zake angekisoma, kisha akafungua boneti kuhakikisha. Profesa hakufungua boneti tena. Alisema boneti ni za watu waliobaki nyuma. Alinunua vidude viwili vinavyofanana, ili achomeke magari mawili kwa mpigo na wateja waone mbwembwe, na kila alipokuwa akisoma alikunja uso utadhani daktari bingwa.

Mtu ambaye Profesa alimdharau kuliko wote alikuwa Mama Nyaya, fundi wa umeme wa magari, mwanamke mnene asiye na haraka, aliyependa kukaa juu ya tairi bovu akitafuna karanga. Mama Nyaya alikuwa na mazoea ya kusimika bisibisi ndefu kwenye injini na kutega sikio kwenye mpini. "Huyo anapiga ramli," Profesa aliwaambia wateja. Mama Nyaya alitema ganda akaendelea na kazi.

Basi Jumatatu moja, pikapu ya muuza mchanga ikinguruma uani tangu alfajiri, akaja shangazi yake, yule yule aliyemlea tangu utotoni. Gari lake dogo lilikuwa likitetemeka na taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Halikuwa gari la matembezi. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa figo, na mara tatu kwa wiki shangazi alimpeleka hospitali kusafishwa damu. Mzee hakuwa na nguvu tena za kugombania usafiri, na katika ukoo wao hakuna mwingine aliyekuwa na gari.

Profesa akachomeka kidude, akatazama kioo cha kishikwambi, akatikisa kichwa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Shangazi, pole. Silinda ya nne imekufa. Na mafuta ya injini hayana msukumo kabisa."

"Ndiyo nini hiyo, mwanangu?"

"Injini imekwisha. Hapa ni kuuza vyuma."

"Hakuna namna? Si ungefungua uone."

"Nifungue nini, shangazi? Kompyuta imeshaona. Haidanganyi hii, si kama binadamu."

Shangazi akaliacha gari pale, akaenda nyumbani kwa miguu, mkoba kwapani. Mama Nyaya alimsindikiza kwa macho, kisha akamgeukia Profesa. "Ungefungua boneti ungepungukiwa nini?" Profesa akamjibu kwamba kazi ya nyaya haihitaji shule, kwa hiyo asijisumbue. Alilisema hilo mbele ya wateja, na akacheka peke yake.

Kesho yake asubuhi shangazi akarudi kutoa vitu vyake garini: blanketi la mzee, mto, chupa ya chai. Alilikunja blanketi polepole, akalikunjua, akalikunja tena. Halafu akamwomba Profesa apime mara ya mwisho, aridhike tu. Profesa akashusha pumzi ya kuchoshwa, akamwambia awashe.

"Unaona? Silinda ya nne, palepale. Nilikwambia."

Shangazi alikuwa fundi cherehani, mambo ya magari hakuyajua. Lakini macho yake yalizoea kufuata uzi. Akazima gari, akatia ufunguo mkobani, akashuka, akaja kusimama nyuma ya mpwawe. Namba za kwenye kioo zilikuwa bado zinacheza.

"Mwanangu, hii namba ni ya nini?"

"Kasi ya injini, shangazi. Inavyozunguka."

"Injini ipi?"

"Yako."

Shangazi akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akauweka juu ya kioo cha kishikwambi. "Yangu nimeizima."

Injini iliyosikika ni ya ile pikapu ya muuza mchanga, hatua sita kutoka pale, ikinguruma kama ilivyonguruma jana, kwa sababu dereva wake akishaiwasha hathubutu kuizima, isije ikakataa kuwaka tena. Chini ya usukani wake kilikuwa kimechomekwa kile kidude cha kwanza, ambacho Profesa alikisahau tangu Jumatatu alfajiri. Kishikwambi kilikuwa kimeunganishwa na hicho, wala si na cha shangazi. Kwa siku mbili Profesa alisoma ugonjwa wa pikapu, akamzikia shangazi yake gari zima.

Mama Nyaya akajikung'uta maganda, akafungua boneti ya gari dogo. "Profesa, njoo unionyeshe hiyo silinda ya nne."

Akaja. Akainama. Akahesabu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, akafika tatu, akaanza upya, akafika tatu. Gari lile lilitoka kiwandani na silinda tatu, na fundi aliyefanya kazi miaka kumi na miwili asiyejua hilo hana tofauti na mpita njia. Mama Nyaya akagusa waya wa koili ya pili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, uliokuwa umechomoka nusu, akausukuma mpaka ukalia. Shangazi akawasha. Injini ikatulia.

"Mitambo nayo," Profesa akasema, akijaribu kucheka. "Ina vituko vyake."

Shangazi hakucheka. "Jana nilimwambia mzee gari limekufa. Unajua alinijibu nini? Alisema afadhali, sasa nisihangaike naye tena. Leo ndiyo siku yake ya hospitali. Jirani alijitolea kumpeleka, amekataa. Amegeukia ukutani, anasema ameshaaga."

Profesa akafuta kidole chenye grisi kwenye koti jeupe.

"Vua hilo koti," shangazi akasema, akirudisha blanketi kiti cha nyuma. "Panda. Ukamwambie kwa mdomo wako kwamba gari ni zima, na aliyekosea ni wewe. Mimi nikimwambia atadhani nambembeleza."

Alivua. Alitaka kupanda na kishikwambi, shangazi akamtazama tu, naye akakiacha juu ya tairi bovu, kwenye maganda ya karanga. Njia nzima alikaa amepakata mto wa mzee, akijaribu kupanga sentensi ya kwanza, na walipofika mlangoni alikuwa bado hajaipata.