Doa Chini ya Gari

Kwa muda mrefu doa lile lilikuwa chini ya gari letu, hapa uani Mandewa, na hakuna aliyeshtuka. Kila msimu tulibeba mafuta ya alizeti kwenye madumu, kutoka mashineni hadi sokoni, na gari zima lilinuka alizeti. Kwa hiyo mchanga ulipolowa tulisema dumu limevuja. Nilimwagia pumba, nikafagia, na kesho yake doa likarudi.

Ndivyo tulivyofanya pia mume wangu alipoanza kuangusha vikombe. Tulisema ni uchovu wa mavuno. Kisha asubuhi moja upande wake wa kulia haukuamka naye.

Alikuwa mtu wa kujitengenezea gari mwenyewe. Alipotoka hospitali alishinda kwenye kiti barazani, maneno yakimtoka moja moja, na siku moja akalinyooshea lile doa kidole cha mkono wa kushoto.

"Si alizeti," akasema. "Oili."

Nikafungua boneti. Oili ya injini ilikuwa imetoka pembeni mwa mfuniko wa juu, ule ambao mafundi huuita tapeti kava, ikadondokea bomba la moshi. Kumbe ndiyo harufu ya kuungua tuliyokuwa tukiisikia njiani.

Wakati huo alikuwa na jambo moja tu analolitaka: kwenda Misigiri kwa mama yake, ambaye hakuweza tena kusafiri kwa uzee, na ambaye hakuwa amemwona tangu augue. Kupanda basi la abiria alikataa kabisa. "Nibebwe kama gunia, watu wanatazama?" Gari lisipopona, haendi.

"Tuite fundi, baba watoto."

"Fundi yupo." Akajigusa kifua. Kisha akaitazama mikono yangu. "Mikono ndiyo hiyo."

Kama hujawahi kuifanya kazi hii, usiiogope. Gasketi ya tapeti ni ukanda wa mpira tu, unakaa kati ya vyuma viwili kama ule mpira wa mfuniko wa chupa ya chai. Ukizeeka unakakamaa, unapasuka, na oili inapata njia. Unaifanya asubuhi, injini ikiwa baridi. Nilichomoa nyaya za plagi, nikafungua bolti moja moja na kuziweka kwenye sinia. Mfuniko ulikuwa umeng'ang'ania. Nilitaka kuuchokoa kwa bisibisi, lakini yeye akatikisa kichwa: bisibisi inakwaruza chuma, na pale ilipokwaruza patavuja tena. "Mti," akasema. Nikaenda jikoni nikaleta mwiko.

Jirani yangu akachungulia juu ya ua. "Jamani! Mwiko kwenye injini! Leo mnakula nini humo?"

"Njoo na sahani yako," nikamjibu.

Mume wangu akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu hospitali.

Nilikwangua mabaki ya mpira wa zamani kwa ukingo wa mwiko, nikapangusa mpaka kitambaa kikatoka safi, nikakalisha gasketi mpya na kupaka silikoni kidogo kwenye kona tu. Bolti zinaanzia katikati kwenda nje, kwa kupishana, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja kwanza, upande wa pili unanyanyuka.

Ilipobaki ya mwisho akaomba spana. Nilimshika kiuno, akaegemea gari, akakaza kwa kushoto. Spana iliteleza, akairudisha, akakaza tena huku jasho likimtiririka.

"Imekaza?"

Nikaigusa. Ilizunguka kwa vidole vyangu. "Bado, baba."

Akanikabidhi spana. "Malizia," akasema, akaomba kiti. Hakuniomba spana tena maisha yake yote.

Tuliwasha injini, nikatandaza karatasi nyeupe chini. Ilibaki kavu. Niliisugua mikono yangu kwa majivu na sabuni, nikampelekea yeye beseni.

"Acha."

"Kesho tunakwenda kwa mama yako na mkono huo?"

"Acha hivi hivi."

Misigiri tulimkuta mama mkwe ameketi mkekani mlangoni. Mume wangu hakuwahi hata siku moja kumpa mkubwa mkono wa kushoto. Siku ile aliinama, nikiwa nimemshikilia, akautoa. "Shikamoo, mama."

Mama alitazama mkono wa kulia uliokuwa unaning'inia. Kisha akaupokea ule wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akausogeza karibu na macho yake yasiyoona vizuri, halafu puani. Akamwuliza kwa Kinyiramba, lugha yao ya nyumbani, kama ametoka kutengeneza gari.

"Ndiyo, mama."

"Na hujanawa, kama kawaida yako. Marahaba, mwanangu."

Aliendelea kuushikilia, akipapasa oili kwenye kucha moja baada ya nyingine. Mimi nyuma yao nilivificha vidole vyangu ndani ya kanga, maana majivu hayakuwa yameitoa yote.

Hawakuonana tena. Msimu uliofuata, nikiwa mjane, nilibeba alizeti peke yangu. Gari halivuji, lakini kila Jumamosi bado natandaza karatasi chini yake, naikuta kavu, naikunja.