Mama wa Telefone ya Gare

Prefe, yaani mkuu wa shule, alinipa mimi, mpiga video wa mtaa, orodha ya watu wa kuhoji mbele ya kamera, na katika orodha ile hapakuwa na hata mmoja asiyefunga tai. Daktari, wakili, bwana wa benki, afisa wa jeshi kutoka Base. Filamu ilikuwa ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, finalisti kama tunavyowaita, wajue ni kazi gani zinawangoja wakimaliza. Nikaisoma orodha mara mbili. Sisi hapa Kamina tumelelewa na treni, tumevishwa na treni, halafu orodha nzima haina mtu wa reli hata wa dawa! Hasira zangu ziko karibu, mtaa wote unajua. Nikamwongeza mama yangu bila kuomba ruhusa ya mtu.

Mama alitumika miaka ishirini na sita kwenye telefone ya gare, kituo chetu cha treni. Reli yetu ni njia moja tu, treni zinakwenda na kurudi juu ya vyuma vilevile, kwa hiyo kabla treni haijatoka hapa lazima gare ya mbele ikubali kwamba njia ni tupu. Anayeuliza na kupokea jibu ni mtu wa telefone. Mtaani watu walimwita mke wa dereva, kwa sababu baba aliendesha treni. Hakuna aliyekumbuka kwamba baba mwenyewe alikuwa haondoki bila neno la mama. Nilitaka, angalau mara moja, waitazame kazi yake waione ni kazi.

Nilimketisha barazani asubuhi, na kitenge chake cha Pasaka, nikambania kipaza sauti kidogo kifuani.

“Mama, ulianza kazi namna gani?”

“Unaniuliza namna nilianza kazi. Iko hivyo?”

Nikadhani ataendelea. Akanitazama tu, anasubiri.

“Iko hivyo, mama.”

Ndipo akajibu. Swali la pili vilevile, la tatu vilevile, mpaka la kumi na moja. Mimi sikushangaa. Nyumbani tulilelewa hivyo. Ukitumwa chumvi unasema kwanza, “Unanituma chumvi, kwa mama wa kona, nirudi mbio, iko hivyo?” Watoto wa majirani walitucheka mpaka wakachoka.

Prefe aliitazama ile video ofisini kwake huku anapekua karatasi zake.

“Binti, mama huyu amechoka kichwa,” akasema. “Anarudia kila kitu, wanafunzi watacheka. Tena kupokea telefone si kazi ya kumwonyesha finalisti. Kata marudio yale, ama umtoe kabisa.”

Hapo ndipo ningesema. Mimi, mwenye mdomo mrefu kuliko wote kwetu, nikayameza maneno. Nikarudi nyumbani nikakata. Kila “unaniuliza”, kila “iko hivyo”, nje. Dakika ishirini zikabaki tisa, safi, na Mungu anisamehe, nikajisifu. Nikamwita mama aone.

Alitazama mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

“Huyu mama, miye simujue,” akasema. “Anajibu tu bila kurudia. Angeua bantu, watu wa treni nzima.”

“Mama, nilikata mahali pa kurudia tu.”

“Ulikata njo kazi yenyewe.” Hakupandisha sauti. “Maneno ya ku telefone inakuya yenye kukatika, na ule wa kutuma iko na haraka. Weye unamurudishia, anajisikia mwenyewe. Kama iko sawa, anasema iko sawa, anataja na jina yake, unaandika mu rejista. Hakuna jibu, hauguse kintu.”

Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Siku moja mwenzake wa gare ya mbele alimwambia njia tupu. Mama akamrudishia: njia tupu, treni ya abiria imekwisha kufika kwako, iko hivyo? Halafu yule bwana akapiga kelele, ngoja, mama, ngoja, haijafika, ingali njiani. Na hapa kwetu baba alikuwa amekwisha kupanda kwenye kichwa cha treni, anangoja ruhusa. Mama alisema aliketi chini kwenye sakafu, telefone bado sikioni.

Nilitamani ardhi ipasuke. Usiku uleule nikarudisha kila nilichokata, neno kwa neno, pamoja na kimya chake cha kusubiri. Prefe sikumwambia.

Jumamosi mchana ukumbi wa parokia ulijaa. Akina mama walikuwa wamefunga vitenge madirishani ili giza lipatikane, na jenereta ilikuwa inanguruma nje. Daktari akapita, wakili akapita, finalisti wanapiga miayo. Halafu mama akatokea ukutani. “Unaniuliza namna nilianza kazi. Iko hivyo?” Wakacheka. Swali la pili, wakacheka zaidi, wengine wanapiga mabenchi. Mama mwenyewe alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka.

Prefe akasimama.

“Binti, zima! Nilikuambia umtoe mama huyu!”

Ukumbi wote ulisikia. Kilichonipanda, sitadanganya, hakikuwa woga. Ilikuwa hasira, nyingine juu yake, nyingine juu yangu mwenyewe kwa zile dakika tisa. Nikasimama kando ya mashine ya kuonyeshea.

“Bwana Prefe, nirudie,” nikasema. “Unaniambia nimtoe kwenye filamu mama aliyetumika miaka ishirini na sita kwenye telefone ya gare, kwa sababu kazi yake si kazi ya kuonyeshwa. Iko hivyo? Kama iko sawa, sema iko sawa, na utaje jina lako.”

Vicheko vikakatika. Nusu ya watoto wale ni wajukuu wa reli, na bibi zao walikuwa wameketi palepale chini ya vitenge vyao. Wote wakamgeukia Prefe. Nikangoja kama mama alivyonifundisha, bila kumsaidia.

“Hakuna jibu,” mama akasema kutoka benchi lake, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia jikoni. “Usiguse kintu.”

Sikugusa. Filamu ikaendelea, na ukutani likafika swali la tatu.

“Unaniuliza kama nilikwisha kuogopa hata siku moja. Iko hivyo?”

Akanyamaza, anasubiri. Na kabla sauti yangu ya kwenye filamu haijatoka, finalisti wa benchi la nyuma wakamjibu.

“Iko hivyo, mama.”