Feni ya Karani

Karani wa bomani hapa Same aliachiwa na bwana wake wa Kizungu, siku alipohamishwa, feni inayokwenda kwa mafuta ya taa. Ilizunguka wiki mbili, ikafa. Karani hajakubali kwamba imekufa. Kila alasiri ya Januari hii, joto likiwa limewashinda hata mbuzi, anakaa mbele yake na koti na tai, amekunja nne, huku mkewe Koleta amechuchumaa nyuma ya feni akipepea kwa ungo. Upepo ukimfikia, karani hufumba macho na kutuambia sisi majirani, "Wazungu wana akili." Jana mama yake aliteremka kutoka Suji, kule milimani. Koleta akaweka ungo chini ili amwamkie. Karani, bila kugeuka, akainua kidole chake chenye wino. "Endelea kwanza. Mama utamwamkia baadaye." Mama akatua mkungu wa ndizi mlangoni, akamtazama mkwewe anavyochuruzika jasho. "Mwanangu," akasema, "mashine yako imechemka. Inuka uipe maji." Karani akainuka upesi, akajaza bilauri, akawa anaizunguka feni akitafuta tundu la kumiminia.