Mashini ya Hesabu Nyumbani Kwetu Rumonge

Mwaka jana nilirudi Rumonge, kwetu Burundi, rafiki yangu, baada ya maisha mazima ng'ambo ya mpaka. Nilishuka sokoni, harufu ya mawese ikanipokea, miguu ikanipeleka yenyewe hadi ilipokuwa nyumba yetu. Sasa ni duka la simu. Muuzaji alikuwa akimpigia mteja hesabu kwenye simu kwa kidole kimoja, hata haangalii. Nikaegemea ukuta.

Maana ndani ya nyumba ile baba yangu, fundi saa, alitaka kutengeneza mashini ya kupiga hesabu.

Ilianza na mashini mbovu ya chuma iliyotupwa na kampuni moja ya mawese. Baba aliifungulia mkekani, akashangaa jinsi meno ya magurudumu yalivyoshikana. Mwalimu wetu wa darasa aliposikia, alikuja kuiona, akasahau kwenda kwao. Tangu hapo kila Jumapili walikusanyika: baba, mwalimu, seremala kutoka Kizuka, na yeyote aliyeambukizwa ugonjwa ule. Hawakuwaza kuiuza. Walitaka kila shule ya kando ya ziwa iwe na yake. Seremala alichonga magurudumu ya mbao. Mimi na dada yangu tuliyasugua kwa mawese yasikwaruze. Bibi, mama yake baba, alikaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, akinung'unika kwamba wanaume wazima wanacheza, lakini sahani ya mwalimu ndiyo iliyojaa kuliko zote.

Mashini ilijumlisha vizuri mpaka tisa. Ikitakiwa kufika kumi, ilikwama. Walihangaika nayo msimu mzima wa mvua. Ndipo Jumapili moja mwalimu akaongeza jino refu alilolichonga mwenyewe, akazungusha mkono wa mashini: tisa ikageuka sifuri, na moja ikapanda kando yake. Seremala alipiga vifijo. Baba alimkumbatia mwalimu. "Murakoze," alimshukuru kwa Kirundi, "murakoze cane," asante sana.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Waasi walipita wakiua. Askari wakaja nyuma yao, nao wakaua, kisha wakaanza kuwachukua waliosoma, wakisema ndio viongozi wa waasi. Mwalimu aliitwa kwenye komini, ofisi ya serikali ya pale, asubuhi, wakasema ni mkutano. Alivaa shati lililopigwa pasi. Mchana mke wake akaja kwetu na mtoto mgongoni.

"Hajarudi kula," akasema. Basi.

Baba akaenda kumuulizia. Alirudi uso umekuwa kama majivu.

"Wanasema hawamujui mwalimu yeyote. Na viatu vyake viko pale mlangoni, nimeviona."

Bibi akasimama. "Mwanangu, askari wakiingia hapa wakaona hiyo mashini, watasema iko redio ya waasi."

"Mama, ni mbao tu."

"Na mwalimu? Yeye si alikuwa na chaki tu?"

Bibi aliyakusanya magurudumu kwenye kanga yake, akayatia motoni chini ya sufuria ya maharagwe. Yalishika upesi, kwa yale mawese tuliyoyapaka. Baba alitazama, mikono imelegea mapajani. Tulikula maharagwe yale, kisha tukaingia mtumbwini na kufuata ufuko kuelekea Kigoma, Tanzania. Mke wa mwalimu alikataa kupanda.

"Akirudi akute nyumba tupu?" alisema.

Kigoma baba alitengeneza saa za watu mpaka alipofariki. Mashini aliijaribu tena mara moja tu. Ikakwama kwenye tisa, akaiacha. Ujuzi wa lile jino aliondoka nao mwalimu.

Safari hii ya kurudi niliuliza habari za mke wa mwalimu. Muuza ndagala mmoja, mwenye umri kama wangu, aliinamisha kichwa. "Dada, watu wa wakati ule hatuwaulizii."

Seremala naye sijui aliishia wapi. Kaburi la mwalimu halipo, wala hakuna jiwe la kuwekea mkono. Basi nilisimama barabarani, watu wakinipita na mizigo yao, nikalitaja jina lake kwa sauti ndogo. Sikumwona mwingine wa kulitaja.