Mazoezi Bila Miguu

Daktari alinikataza chumvi, sukari na kukaa. Chumvi na sukari nilizisamehe siku hiyohiyo, lakini kukaa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa na duka la unga, maharagwe na pumba katika mtaa wa Bwiza, na tangu asubuhi mpaka jioni nilikaa nyuma ya mizani, kwenye kiti ambacho marehemu mume wangu alikiongezea misumari mara mbili, kwa sababu zinazojulikana. Vita vilikuwa vimeshatuzoea. Watu wengi mjini walikonda kwa hofu. Mimi hofu ilininenepesha.

Sikubishana na daktari. Mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu wa sukari, na mimi ndiye niliyemwosha na kumgeuza kitandani mpaka alipofariki. Nikisikia bunduki milimani nililala chini kama watu wote, nikaamka, nikaendelea na maisha. Lakini nikiona ganzi kwenye vidole vya mguu, usingizi wote ulipotea.

Basi nikaazima raba za binti yangu, nikavaa suruali ya michezo chini ya kitenge, na alfajiri, saa za kutotoka nje zilipokwisha, nikaanza kukimbia. Nilipofika avenyu ya pili nikasikia vishindo nyuma yangu. Kugeuka, namwona mwanamume mwenye mswaki mdomoni anakuja mbio, nyuma yake mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria kichwani, nyuma yao muuza mikate bila mikate yake. Sikuuliza kitu. Miaka ile tulisoma miguu ya wenzetu kabla ya kuulizana habari, na miguu ile ilisema tumekwisha. Nikaongeza mwendo. Nao walipoona nimeongeza, wakaongeza. Milango ikafunguka, magodoro yakatoka, na mtaa mzima ukawa miguu niponye.

Tulisimama kwenye uwanja wa kanisa, tukihema. Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana nani ameona nini. Hakuna aliyeona kitu. Mwenye mswaki akasema yeye alimwona mama wa duka la unga akikimbia, akaona hiyo inatosha. Macho yote yakashuka kwenye raba zangu, ambazo zilikuwa za rangi ya waridi.

Mkuu wa mtaa wetu, mtu mpole sana, alinifuata dukani mchana. Nilitegemea anigombeze, lakini aliongea taratibu kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Mama, tunakuomba, we usikimbie tena," aliniambia. "Mutu kama we akikimbia, nani atabaki?"

Nilielewa alichomaanisha kwa "mutu kama we", na nilinuna wiki nzima.

Raba zile ziliniachia zawadi: lengelenge kwenye kisigino. Kwa mtu mwingine lingekauka baada ya siku tatu. Kwangu lilipasuka likawa kidonda, na kidonda kikagoma kufunga. Daktari alipokitazama aliacha utani wake wa kila siku. Alisema nisitembee, nisivae viatu vya kubana, na sukari lazima ishuke upesi, kwa hiyo nisiache mazoezi. Nikamuuliza mazoezi gani hayo ya mtu asiyetumia miguu. Nilirudi nyumbani nikilia ndani ya teksi, nikimwona mama yangu.

Jibu lilikuja dukani kwa baiskeli. Kulikuwa na mzee wa mtaa wa Gihosha aliyenunua pumba kwangu kila wiki. Alichunga farasi kwenye uwanja mmoja karibu na ziwa, mali ya wageni waliopanda ndege mambo yalipochacha, wakamwachia hatamu na ahadi. Siku hiyo alinikuta nimeweka mguu juu ya gunia, akaniuliza, nikamweleza yote kwa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyenipa kisukari. Alisikiliza huku akifunga mzigo wake.

"Mama, mi niko na farasi tano, zinasimama tu, miguu inavimba," akasema. "We unakatazwa kutembea, zenyewe zinakosa mutu wa kutembea naye. Kwa nini apana kuja kupanda?"

Nilicheka mpaka kidonda kikauma. Daktari naye, nilipomweleza, alicheka, kisha akauliza kama farasi mwenyewe ni mpole.

Alikuwa mpole: jike la kahawia, mnene kama mimi, mwenye uso wa mtu aliyeamshwa mapema. Mzee alipanga kreti mbili za bia nikapanda juu yake, akanisukuma, nikakaa mgongoni mwa farasi. Chini palikuwa mbali mno. Nilimshika farasi shingoni nikasali sala zote ninazozijua, mzee akimvuta kwa kamba, mguu mosi, mguu pili. Baada ya mzunguko mmoja nilikuwa nimelowa jasho, na sikuwa nimefanya chochote ila kukaa. Mtu aliyekatazwa kukaa alitibiwa kwa kukaa. Kesho yake mapaja, mgongo na tumbo viliuma vyote kwa pamoja, na hapo ndipo nilipojua kwamba kiti kinachotembea si kiti.

Nikawa nakwenda asubuhi mbili kwa wiki, halafu tatu. Mzee alikuwa na sheria yake: anayepanda ndiye anayesugua. Nilimpiga farasi brashi nikiwa nimekaa kwenye kreti, mkono wa kulia kisha wa kushoto, mpaka mabega yakawaka moto. Bwiza walinicheka vya kutosha. Wengine walitia chumvi wakasema nimeolewa na Mzungu.

Siku moja risasi zililia kwenye milima ya juu. Mimi nilikuwa tayari nusu nimeshuka, roho mkononi. Mzee hakunitazama mimi, alimtazama farasi. Akanionyesha kwamba masikio yamesimama lakini mdomo unatafuna, na kwamba kama anatafuna, sisi tunabaki. Tukabaki. Tangu hapo nilimwamini yule jike kuliko redio.

Kidonda kilifunga taratibu mno, kama mtu anayefunga duka huku bado akitegemea mteja. Miezi ilipita. Asubuhi moja nilivua bandeji nikakuta ngozi mpya, nyembamba, inang'aa. Daktari alipima sukari, akapima tena, akanishika mkono. Nilimletea mzee gunia zima la pumba, na jike nikampa karoti huku nikimwita majina ya mapenzi ambayo mume wangu hakuwahi kuyasikia.

Kitu kimoja tu nilikikataa miaka yote. Jike alitaka kukimbia. Nilimsikia chini yangu, akivuta, na mzee alinisihi nimwachie, akisema mapafu yangu na yake yanahitaji. Nilisema hapana. Niliwahi kutoa magodoro ya mtaa mzima nikiwa na raba tu. Je, nikiwa juu ya farasi? Mji wote ungehamia Kongo.

Kisha yakaja mazungumzo ya kusimamisha vita, na tena mazungumzo, na barabara ya Kajaga, ile ya kando ya ziwa, ikaanza kupitika Jumapili. Mzee akatupeleka ufukweni. Wanawake walikuwa wameanika ndagala mchangani, samaki wadogo wanang'aa, na mchanga mbele yetu ulikuwa mrefu na mtupu. Jike akavuta. Sijui ni nini kilinipata. Nikamwachia.

Alikimbia. Upepo ulinivua kilemba, na nilisikia sauti ikipiga kelele, kumbe yangu. Tulipita katikati ya wale wanawake, kwato zikirusha mchanga, na ndipo nilipokumbuka. Nikavuta hatamu kwa nguvu zangu zote, nikageuka nyuma, nikitafuta watoto mgongoni, sufuria vichwani, watu wakitawanyika.

Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wamesimama palepale, wengine wamejishika kiuno, wanacheka. Mzee alikuja nyuma amebeba kilemba changu, na mwanamke mmoja akamuuliza yule mama anakwenda wapi na haraka hivyo.

"Apana mahali," mzee akamjibu. "Anafanya sport."

Mwanamke akainama, akaendelea kugeuza ndagala zake. Nililia pale juu ya farasi, mbele za watu, bila aibu. Jike alikuwa ameshapata jani la kutafuna. Nilimsubiri amalize, nikajifuta uso, nikamwomba akimbie tena.