Boma la Meneja

Muthoki wa Mbumbuni hakuwahi kugusa mpira wa kikapu maishani mwake, lakini hakuna mtu aliyewachukia wakubwa wa timu ya Pamba kuliko yeye. Akiwa shambani anapalilia kunde aliweza kusimama ghafla, jembe begani, akaanza kumsuta kocha peke yake huku mbuzi wakimsikiliza. Mumewe alishazoea. Akisikia "hata kudunda hajui", alijua hasemwi yeye.

Mapenzi yake kwa timu hiyo yalianzia kwenye mchanga. Kiwanda cha pamba kilipotaka kuwa na timu, miaka ya sabini, wenye kiwanda walileta saruji na ringi mbili, wakasema mengine wenyeji wajaze. Ndipo mwethya wa Muthoki ulipoitwa. Mwethya ni majirani wanaofanyiana kazi: leo shamba langu, kesho paa lako, keshokutwa kaburi la mzee wa fulani. Kiongozi huwa na filimbi. Ya Muthoki ilikuwa ya chuma, ikining'inia shingoni kwa kamba ya katani, na ikilia hata mwenye homa aliamka. Walipanda na kushuka mtoni na makarai ya mchanga, wakaponda kokoto, wakasawazisha, mpaka kiwanja kikasimama.

Syokau, mjane aliyeishi kilima kimoja na Muthoki ng'ambo ya mto, hakutakiwa kuja, kwa sababu nyonga yake ilikuwa mbovu. Alikuja. Karai lilipomshinda alibeba mchanga kwa sufuria yake ya kupikia. Baadaye siku za mechi alikaa kwenye jiwe lililokuwa pembeni mwa kiwanja, na hakuna aliyethubutu kulikalia hata asipokuwepo.

Na timu ilicheza, usione mchezo. Wachezaji waliandikwa kiwandani, wakalipwa mshahara kwa kazi ya kurusha mpira tu, jambo ambalo wazee wa Mbumbuni walilicheka mpaka walipomwona Mulei akiruka. Mulei alikuwa mtoto wa hapo hapo, mrefu wa kuinamia kila mlango. Timu za Nairobi zilikuja zikiimba na kurudi kimya. Muthoki aliongoza nyimbo kwa filimbi yake, hata refa mmoja akamwendea na kumsihi aiweke chini, maana wachezaji walikuwa wanasimama kwa filimbi ya mama badala ya ya serikali.

Kisha Kilonzo, mtoto wa pekee wa Syokau, akafanywa meneja wa timu, na ofisi akapewa Machakos. Siku habari ilipofika akina mama walicheza ngoma njiani. Mtoto wetu ameshika timu yetu, sasa tutaomba nini tena?

Waliyoyapata hawakuyaomba. Kilonzo alianza kwa kumfukuza kocha na kumweka shemeji yake, Muthama, karani wa kupima pamba ambaye alijua ratili na kilo na hakujua lolote lingine. Muthama naye akamleta mpwa wake, kijana ambaye mpira ukimjia alifumba macho. Asubuhi ya mechi wachezaji walipewa kazi ya kubeba marobota ya pamba, jioni wakaingia uwanjani mikono ikitetemeka. Walipokwenda kucheza Mombasa walisafiri juu ya shehena ya pamba ndani ya lori, wakashuka wamegandwa na vumbi, wakapigwa kabla ya kunawa. Na Mulei? Mulei aliachiliwa aende timu ya benki moja Nairobi. Haikupita muda Kilonzo akaonekana na pikapu mpya. Mtu yeyote mwenye akili aliunganisha hayo mawili, na Muthoki aliyaunganisha kwa sauti.

Siku waliyofungwa nyumbani na wanafunzi wa chuo cha ualimu, watoto waliokuja kwa miguu kutoka kituo cha basi, mashabiki hawakutawanyika. Walibaki kiwanjani, pamba iliyoanikwa imesogezwa pembeni kwa sababu kiwanja sasa kilitumika pia kuanikia. Vijana walitaka Muthama apigwe. Wengine walitaka pikapu ivunjwe vioo. Muthoki alipuliza filimbi, wakanyamaza.

"Mkipiga mtu, polisi watakuja, na timu itafungwa," alisema. "Sisi tuko na sheria yetu. Hiki kiwanja ni kazi ya mwethya. Nani ameangusha kazi ya mwethya?"

"Kilonzo."

"Mwenye kuangusha kazi anafanywa nini?"

"Anakatwa."

Kukatwa si neno dogo huko. Boma lililokatwa halipigiwi filimbi. Halichoti maji kwenye kisima cha mwethya, kile kinachochimbwa upya kila kiangazi katika mchanga wa mto. Halilimiwi, halijengewi, na likifiwa halichimbiwi kaburi. Hukaa hivyo mpaka mwenye boma alete mbuzi, akae chini mbele ya wote, akiri kosa, na afanye atakaloambiwa. Muthoki mwenyewe aliwahi kumkata mke wa kaka yake, na mbuzi alikuja akivutwa kwa kamba kabla umande haujakauka, kama alivyopenda kusimulia.

Mbula, mwanamke mpole aliyeshika nafasi ya pili katika mwethya, alisema kwa sauti ndogo, "Lakini Kilonzo hana boma hapa. Iko ya mama yake tu."

Watu wote waligeuka kutazama jiwe la pembeni. Syokau alikuwa amekaa hapo, fimbo magotini.

"Mwethya haukati mtu, unakata boma," Syokau akasema. "Mimi nilikuwako hiyo sheria ikitungwa. Msinitazame hivyo." Aliinuka polepole, akashika njia ya nyumbani, na jiwe likabaki tupu.

Moyo wa Muthoki ulimchoma kidogo, akautuliza kwa hesabu yake. Mwanamume gani Mkamba angesikia mama yake amenyimwa maji kwa sababu yake, asije mbio? Kilonzo angekuja na mbuzi nyuma ya pikapu hiyo hiyo, angekaa kwenye saruji mbele yao, wangemwambia amrudishe Mulei na amwondoe Muthama, naye angekubali. Syokau angeumia siku chache tu. Akamwita Muthama, aliyekuwa akifunga stoo ya mipira, akampa ujumbe wote, neno kwa neno.

"Nitamfikishia," Muthama akasema bila kumtazama.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na mvua ya masika ilikuwa imegoma. Ile ndiyo njaa ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, nakufa nimeshika, maana watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hakuna cha kununua. Mto ulizama chini ya mchanga wake. Kisima cha mwethya kilichimbwa mpaka mchotaji akawa haonekani kichwa, na akina mama walipanga foleni tangu alfajiri, Muthoki amesimama ukingoni na filimbi.

Syokau hakuja kwenye foleni. Alishuka mbali zaidi, kwenye dimbwi la ng'ombe, na kibuyu mgongoni na fimbo mkononi.

Kilonzo naye hakuja. Pikapu ilionekana ikiingia kiwandani na kutoka, vumbi nyuma yake. Kila ilipopita Muthoki alikunja uso. Kumbe mtu anaweza kuwa na moyo wa jiwe hivi? Watu wakasema meneja amewapuuza, amewaona takataka, na hasira iliyokuwa ya mpira ikawa sasa ya mambo mengine yote: ya njaa, ya pamba kununuliwa kwa bei ya kuchekesha, ya wakubwa wasiojua kama watu wa chini wanakula.

Siku moja Muthoki alikutana na Syokau kwenye kijia. Kibuyu kilikuwa kinavuja maji ya rangi ya udongo.

"Mwaitu," Muthoki alisema, akimwita mama kama alivyomwita siku zote, "tuma mtu kwa Kilonzo."

"Kwani hamkutuma?"

"Tulituma."

"Basi akitaka atakuja. Mimi nikimlilia, hapo sijakatwa. Hapo nimejitoa mwenyewe kwa mwethya."

"Njoo basi uchote jioni. Mimi nitaangalia upande ingine."

Syokau alikiweka kibuyu vizuri mgongoni. "Wewe ndio filimbi. Ukiangalia upande ingine, nani ataangalia?" Akabadilisha fimbo mkono. "Jumamosi tulicheza aje?"

"Tulipigwa."

"Na ile kijana ya Muthama, bado inafunga macho?"

"Bado."

Syokau alisonya, akaenda zake. Muthoki alisimama pale mpaka mgongo wa yule mama ukapotea nyuma ya miiba.

Angeweza kuifuta adhabu asubuhi iliyofuata. Alijiambia hawezi, kwamba akimwachilia mama wa meneja watu watasema sheria ni ya maskini tu, na mke wa kaka yake atamcheka. Hayo yalikuwa kweli, lakini hayakuwa yote. Kusema kweli, Muthoki alitaka kushinda. Timu ilikuwa imeshindwa kila mahali ilipokanyaga, na hapa tu, kwenye kisima cha mchanga, ndipo alipoona anaweza kumshinda meneja. Alikuwa anangoja amwone Kilonzo akikaa chini. Alikuwa anamngoja kwa uchu.

Aliyekuja ni Mbula, akihema, kusema kwamba Syokau anaendesha na kutapika na hana wa kumshika mkono.

Muthoki alichota mtungi kwenye kisima cha mwethya mchana kweupe, mbele ya foleni nzima, akapanda nao kilima. Hakuna aliyemuuliza. Alimkuta Syokau amelala kwenye ngozi, amekauka midomo, na kando yake chungu cha yale maji ya dimbwi, kimefunikwa kitambaa alichokuwa akichujia. Alimnywesha kwa kijiko. Yalirudi. Akampikia uji mwepesi, ukarudi. Vijana wa timu wakaleta mkokoteni wa kiwanda kumkimbiza zahanati, wakausukuma kwa zamu, wale warefu wameinama. Walipofika kwenye kivuko cha mto Muthoki aliwaambia wasimame, kwa sababu mkono aliokuwa ameushika ulikuwa umelegea.

Sasa ikawa kaburi. Habari zilipelekwa Machakos, na wanaume wa mwethya wakaja bomani na majembe yao, wakasimama nje ya ua. Hawakuingia. Hawakuwa na ubaya. Boma lilikuwa limekatwa, na aliyelikata alikuwa bado hajalifungua.

Muthoki alikwenda nyumbani kwake, akamfungua mbuzi wake wa maziwa, akamvuta mpaka kwa Syokau.

"Boma la Syokau limeleta mbuzi," alisema.

Kila mtu alimjua yule mbuzi, hata watoto walimjua kwa jina. Muthoki aliweka filimbi mdomoni, pumzi ikakataa, akajaribu tena, ikalia. Wanaume wakaingia, wakaanza kuchimba ile ardhi ngumu.

Kilonzo alifika siku ya maziko, macho mekundu, suti imejaa vumbi, na Muthama nyuma yake. Wachezaji walisimama mstari mmoja, wamevaa jezi zilizochujuka. Mchungaji alipomaliza kuomba, Kilonzo aliomba nafasi. Muthoki alikaza mwili. Alifikiri sasa ndipo atakapotukanwa mbele ya watu, na alikuwa tayari, afadhali atukanwe.

"Mimi sina maneno mingi," Kilonzo alianza. "Kazi imenifunga, nyinyi mnaijua. Lakini kila nilipopita hapa usiku na mkate nilimuuliza mama, maji unapata wapi na hii kiangazi? Akaniambia, Muthoki ananiletea. Kila mara, Muthoki ananiletea. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi. Ningejua yuko peke yake ningemchukua Machakos siku hiyo hiyo." Akavuka udongo mbichi, akamshika Muthoki mikono yote miwili mbele ya mwethya mzima. "Mwaitu, sasa wewe ndio mama yangu."

Muthoki alimtafuta Muthama kwa macho. Muthama alikuwa anatazama viatu vyake. Ujumbe haukufika popote. Na kwa nini angeufikisha, wakati ujumbe wenyewe ulisema aondolewe? Na Syokau, aliyeweza kujiokoa kwa neno moja mlangoni, alikuwa amelimeza pamoja na yale maji. Watu wote waliokuwa pale waliijua kweli isipokuwa Kilonzo, na wote walinyamaza wakimngoja mwenye filimbi aseme. Muthoki alifungua mdomo. Alisema, "Pole, mwanangu."

Timu haikumaliza msimu. Muthama alirudishwa kwenye mizani yake, Mulei aliendelea kufunga huko Nairobi, na baada ya miaka michache hata kiwanda kikafunga milango. Kiwanja kipo, kimepasuka katikati, na ringi moja bado imening'inia. Filimbi alipewa Mbula, ambaye huipuliza taratibu mno na watu huchelewa. Muthoki akipita pale hageuzi shingo. Wakiuliza vijana kama kweli Mbumbuni iliwahi kuwa na timu ya kulipwa, huwaambia waulize wengine.

Ila Kilonzo hajamsahau. Kila Krismasi pikapu, ambayo sasa imezeeka, hupanda kilima na kusimama mlangoni kwa Muthoki, na Kilonzo hushuka na mfuko wa sukari na majani ya chai, shukrani kwa maji aliyompelekea mama yake. Muthoki hufuta mikono kwenye leso, huupokea kwa mikono miwili, na humwambia Mungu ambariki.